Mapatano ya Wawili, Haki ya Wanne

Katika michezo ya akili iliyotungwa na wanadamu kwa ajili ya kuzistarehesha bongo zao baada ya kazi, iko ile ambayo kila kitu chake ki dhahiri mbele ya macho, kama ikibuguzo cha Warundi na bao la Waswahili, ambamo hakuna kete iliyofichwa na mwenye kushindwa hana wa kumlaumu ila hesabu yake mwenyewe. Na iko ile ambayo sehemu kubwa ya mambo yake imefichwa kwa haki, kama michezo ya karata, ambamo kila mtu huzishika zake kifuani na wala hapana anayemwita mwongo kwa kuzificha. Mchezo uitwao briji umo katika kundi hili la pili, lakini una sharti moja lisilokuwamo katika michezo mingi ya karata tuliyoizoea barazani, nalo ni kwamba karata za mchezaji ni siri yake, ilhali mapatano aliyoyafanya na mwenziwe juu ya namna ya kuzitaja karata hizo si siri hata kidogo. Mapatano hayo ni mali ya meza nzima, na mshindani akiuliza, hana budi kuambiwa yote. Sharti hilo ndilo ninalotaka kulizungumza, kwa kuwa naamini kwamba hakuna kanuni katika mchezo wowote wa karata iliyo adilifu kuliko hiyo, wala iliyo ngumu kuliko hiyo kuitimiza kwa ukamilifu.

Wasomaji wa Bujumbura hawahitaji kufunzwa karata ni nini. Majina ambayo watu wa pwani waliyapokea kwa Wareno, yaani kopa, uru, pau na shupaza, pamoja na turufu, yamekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu hata yakawa yetu, ingawa hapa mjini, kwa ajili ya masomo ya Kifaransa, vijana wengi huzijua karata kwa majina ya lugha hiyo kuliko kwa majina ya wazee wa mtaa wa Buyenzi. Briji yenyewe haina wafuasi wengi kwetu. Lakini jirani zetu wa Kenya wana chama chake, na Misri imekuwa na wachezaji mashuhuri tangu zamani, mmoja wao akiwa Omar Sharif, mwigizaji wa sinema, ambaye mwaka 1964 alikwenda New York kuichezea nchi yake katika mashindano ya timu za dunia. Kwa hiyo mchezo huu hauko mbali nasi kama unavyodhaniwa, na anayejua wahedi-u-sitini amekwisha kuvuka nusu ya njia ya kuujua.

Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenzi huketi wakielekeana, Kaskazini na Kusini upande mmoja, Mashariki na Magharibi upande wa pili. Karata 52 hugawanywa zote, kila mtu 13. Kila mmoja hutupa karata moja kwa zamu, mwenye kubwa kupita zote huula mzunguko ule, na turufu hushinda kila namna nyingine. Mpaka hapo hakuna jambo geni. Kinachoitofautisha briji ni mnada unaotangulia mchezo. Kabla karata ya kwanza haijatupwa, wachezaji hunadi kwa zamu, kila mmoja akisema upande wake utaweza kula mizunguko mingapi zaidi ya sita na kwa turufu gani, na upande uliosema kauli ya juu kabisa hulazimika kuitimiza au kulipia upungufu. Utaratibu wa mchezo huu katika sura yake ya leo ulipangwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, alipokuwa safarini katika meli iliyopitia mfereji wa Panama, naye aliongeza thawabu na adhabu ambazo zimeufanya mnada kuwa nusu ya elimu yote ya mchezo.

Sasa na tutazame jinsi mnada huo ulivyo mfinyu wa maneno. Namba ni saba, kuanzia moja hata saba; namna za karata ni nne, na ya tano ni kucheza bila turufu; kisha yako matamko matatu ya kupita, dabo na ridabo. Maneno yote ni 15, na matamko yote yanayoweza kutokana nayo ni 38. Kwa upande wa pili, karata 13 anazoweza kuzipata mtu mmoja zaweza kupangika kwa namna 635,013,559,600. Ni nani awezaye kuyaeleza mabilioni hayo kwa maneno 15, tena pasipo kuonyesha uso wa furaha wala wa huzuni, kwa kuwa hayo nayo yamekatazwa? Kwa ajili ya dhiki hiyo wachezaji walilazimika kupatana kwamba tamko fulani lichukue maana isiyoonekana katika maneno yake. Easley Blackwood, mtu wa Indianapolis, alitunga mwaka 1933 utaratibu ambao ungali watumika duniani kote: mchezaji akisema nne bila turufu, huwa hataki kucheza bila turufu hata kidogo, bali anamwuliza mwenziwe ana ree ngapi, naye mwenziwe akijibu tano uru, huwa hana maana ya uru, anasema ana ree moja, akijibu tano kopa, anazo mbili.

Msomaji ameona tayari hatari iliyomo. Ikiwa wawili wamepatana kwamba tano kopa maana yake ni ree mbili, na wawili wengine walioketi meza ile ile wanadhani kwamba mtu ametaja kopa kwa kuwa anazo kopa, basi mchezo umeharibika kabla haujaanza, maana upande mmoja unazungumza na upande wa pili unasikia kelele tu. Kanuni za briji, ambazo shirikisho la dunia lililoundwa Oslo mwaka 1958 huzitengeneza upya kila baada ya miaka kadhaa, na ambazo toleo la mwaka 2017 ndilo linalofuatwa sasa, zinasema waziwazi kwamba wenzi hawana ruhusa ya kuwa na mapatano yaliyofichika. Wapatane watakavyo, mradi washindani wao wapewe nafasi ya kuyajua. Wafanyabiashara wa nguo katika masoko yetu wanaielewa kanuni ya namna hii bila ya kufundishwa: muuzaji hana wajibu wa kumwambia mnunuzi ameinunua doti ile kwa bei gani wala anatarajia faida kiasi gani, lakini kitambaa chenyewe sharti akikunjue chote, na kama kina tundu, alionyeshe.

Kuna watu watakaosema kwamba huku ni kuuondolea mchezo utamu wake, kwa kuwa katika mabaraza mengi konyezo la jicho, kukohoa na kugusa sikio ni sehemu ya karata, na mjanja wa ishara husifiwa. Silidharau jambo hilo, wala si la Waswahili peke yao. Wabaski, wakaao kati ya Ufaransa na Hispania, wana mchezo uitwao mus ambamo wenzi huruhusiwa kupeana ishara za uso, na katika pwani ya magharibi ya Ufaransa uko mchezo wa aluette ambao ishara zake zimepokewa kizazi kwa kizazi. Lakini mtu akiichunguza michezo hiyo ataona kwamba ishara zenyewe ni maalumu, zinajulikana na kila aliyeketi mezani, ni zile zile kwa pande zote mbili, na katika mus mtu haruhusiwi kutoa ishara ya uongo. Anayefanya ustadi hapo ni yule awezaye kuitoa ishara wakati washindani wametazama kando, na wao nao hulinda macho yao kwa haki ile ile. Hakuna hata mmoja wa michezo hiyo unaomruhusu mtu kuwa na lugha yake ya faragha. Briji imefika katika uadilifu huo huo kwa njia nyingine: imewaachia wachezaji uhuru mkubwa wa kutunga lugha yao, ikawatoza bei ya uhuru huo, nayo ni kuifasiri lugha hiyo kwa kila anayeuliza.

Utaratibu wa kufasiri wenyewe umewekwa kwa hekima. Anayenadi hajielezi mwenyewe, maana akijieleza atakuwa amemweleza na mwenziwe. Anayetoa fasiri ni mwenziwe, aliye ng'ambo ya meza. Tamko likiwa na maana iliyo mbali na maneno yake, katika mashindano mengi mwenzi wa aliyenadi hutakiwa kutoa tahadhari, kwa kuonyesha kadi au kwa kugonga meza, ili washindani wajue kwamba pana la kuulizwa. Na kabla ya mashindano kuanza, kila wenzi wawili huijaza kadi ya mapatano yao, huiweka mezani, na washindani huisoma wakitaka. Mshindani aweza kuuliza zamu yake ifikapo, na aweza kuuliza hata juu ya matamko ambayo hayakutamkwa: kwa mfano, kama mwenzi huyu angalikuwa na karata zenye nguvu zaidi, angalisema nini? Kwa maana tamko aliloliacha mtu laweza kuwa na habari nyingi sawa na lile alilolichagua.

Hapa ndipo wengi wanapopungukiwa, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa kuwa nauona upungufu huu kuwa mbaya zaidi kuliko hila zilizo dhahiri. Mtu huulizwa, “Bwana, mwenzio amekusudia nini?” naye hujibu kwa kutaja jina la mtungaji wa utaratibu, akasema “Hiyo ni Blackwood,” kisha akanyamaza kana kwamba deni limekwisha kulipwa. Lakini Blackwood ya leo si moja; iko ile ya kwanza inayohesabu ree peke yake, na iko nyingine inayomhesabu pia basha wa turufu kana kwamba ni ree ya tano, na majibu yake hayafanani. Anayeuliza hakuuliza habari za mtungaji, ameuliza maana ya kauli, na mwenye insafu humjibu kwa maneno ya karata: “Amejibu kwamba ana ree mbili, na basha wa turufu amo katika hesabu, au niseme mbili kati ya hizo tano, na bibi wa turufu hana.” Jibu la namna hiyo huchukua muda mrefu kidogo tu kuliko lile la kwanza, na mshindani hubaki anajua kila alichokuwa na haki ya kukijua.

Kuna upungufu wa aina ya pili, uliojificha zaidi, nao ni wa mazoea. Wenzi waliocheza pamoja kwa muda mrefu hujuana kuliko walivyoandika katika kadi yao. Kadi imesema kwamba anayefungua mnada kwa moja bila turufu ana nguvu ya alama 15 hata 17, ree ikihesabiwa nne, basha tatu, bibi mbili na ghulamu moja. Lakini Kaskazini anajua kwa kuona mara kwa mara kwamba Kusini hufungua hivyo hata akiwa na 14, mradi awe na pau nzuri tano. Akiulizwa, je, atosheke kusema 15 hata 17? Kanuni inajibu kwamba hapana: lililojulikana kwa mazoea ya wenzi ni mapatano sawa na lililosemwa kwa kinywa, na lapaswa kufichuliwa. Asichowajibika kukisema ni yale ambayo kila mchezaji huyajua kwa akili yake na kwa elimu ya mchezo wa watu wote. Mpaka huo ni wa haki, kwa sababu humwachia mjuzi matunda ya ujuzi wake huku ukimnyima matunda ya faragha yake.

Vivyo hivyo kwa udanganyifu wa karata, ambao kanuni haikuukataza. Mchezaji aweza kunadi kopa ilhali hana kopa, kwa kukusudia kuwapotosha washindani, na huo ni ushujaa halali, ila kwa sharti kwamba mwenziwe awe amepotoshwa sawasawa na wao. Siku atakapoirudia hila hiyo mara nyingi hata mwenziwe akaanza kuitazamia, hila imekoma kuwa hila, imegeuka kuwa mapatano, na kuinyamazia ni khiyana.

Na sasa nataka kuionyesha meza moja kwa karibu, kwa kuwa jambo lililo gumu kupita yote katika elimu hii halielezeki kwa maneno ya jumla. Kusini amefungua kwa moja bila turufu. Magharibi amepita. Kaskazini amesema mbili uru. Wachezaji wengi ulimwenguni wamepatana kwamba jibu hilo halina uhusiano na uru. Humwambia mwenzi kwamba mnenaji ana kopa tano au zaidi, naye mwenzi hutakiwa kusema mbili kopa, ili yule mwenye karata zenye nguvu ndiye awe mchezaji na karata zake zisilazwe mezani wazi, kama zinavyolazwa za mwenzi wa mchezaji. Mashariki anauliza, “Mzee, tafadhali, mbili uru za mwenzio ni nini?” Kusini anajibu, “Anazo kopa tano au zaidi, na mimi napaswa kusema mbili kopa.” Baadaye karata zinapofunguliwa, tazama, Kaskazini ana uru sita na kopa mbili tu. Mashariki amecheza kwa kuiamini fasiri aliyopewa, amepoteza, naye anamwita mwamuzi. Je, amedhulumiwa?

Watu wengi wasioijua kanuni hujibu mara moja kwamba amedhulumiwa, kwa kuwa aliambiwa kopa na haikuwa kopa. Lakini mwamuzi hatazami karata kwanza, hutazama mapatano. Akikuta katika kadi yao kwamba mbili uru huonyesha kopa, basi Kusini alisema kweli tupu, na aliyekosea ni Kaskazini, aliyesahau mapatano yake akanadi uru kwa kuwa alikuwa na uru. Mashariki alikuwa na haki ya kujua walichopatana hao wawili, akapewa. Hakuwa na haki ya kujua kilichomo mkononi mwa Kaskazini, na kusahau kwa Kaskazini kulimpotosha Kusini kama kulivyompotosha yeye. Hana fidia. Nimeifikiri hukumu hii sana, na kila ninapoifikiri naiona kuwa ndiyo inayoonyesha kiini cha jambo zima, kwamba ahadi iliyotolewa kwa mshindani ni ahadi ya ukweli juu ya mapatano, si bima dhidi ya makosa ya watu.

Mwamuzi akikuta kinyume chake, yaani kwamba wenzi hawa wamepatana kuwa mbili uru ni uru kweli, na kwamba Kusini ndiye aliyechanganyikiwa akatoa fasiri ya mapatano ya watu wengine, basi Mashariki amepewa habari ya uongo, ingawa kwa nia njema, na kama imemdhuru, mwamuzi atarekebisha hesabu. Na ikiwa hapana ushahidi wowote, si katika kadi wala penginepo, kanuni inamwamuru mwamuzi achukulie kwamba fasiri ndiyo iliyokosewa na si tamko, ili mzigo uwe juu ya waliopatana na usiwe juu ya aliyeuliza. Ndiyo maana nasema kwamba kadi ya mapatano iliyojazwa kwa uangalifu ni kinga ya wenzi wenyewe kabla haijawa hisani kwa washindani.

Lakini la kupima murua wa mtu ni hali ya Kaskazini katika mambo haya mawili. Amemsikia mwenziwe akimfasiri, naye peke yake mezani anajua kwamba fasiri na karata haziafikiani. Katika hali ya kwanza, yeye ndiye aliyesahau, na sauti ya mwenziwe imemkumbusha. Kanuni inamkataza kufaidika na ukumbusho huo. Kusini akisema mbili kopa, Kaskazini lazima ajiulize kauli hiyo angaliifahamuje kama angalikuwa kiziwi, atende vivyo hivyo, hata kama kutenda hivyo kutampeleka katika hasara aliyokwisha kuiona kwa macho. Katika hali ya pili, mwenziwe ndiye aliyekosea, na Kaskazini hana ruhusa ya kumsahihisha wakati wa mnada, wala kwa neno, wala kwa kuguna, wala kwa kukunja uso, maana kufanya hivyo ni kumzindua. Anyamaze. Mnada ukiisha, kama upande wake ndio utakaocheza, sharti amwite mwamuzi na kuwaambia washindani ukweli kabla karata ya kwanza haijatupwa. Kama upande wake ndio utakaozuia, angoje mpaka karata ya mwisho, kisha aseme. Kusini naye, akijikumbuka mwenyewe, aweza kumwita mwamuzi papo hapo, na kwa vyovyote asikawie kupita mwisho wa nafasi ya maswali inayotangulia mchezo. Mtu hutakiwa kunyamaza pale ambapo dhamiri yake inapiga kelele aseme, na kusema pale ambapo faida yake inamwambia anyamaze, na yote mawili katika ugawaji mmoja wa karata.

Na kama hakuna mapatano kabisa? Wenzi wapya hukutwa na matamko ambayo hawakuyazungumza, na mshindani huuliza. Hapo wengi hukisia, wakasema “Nadhani ni pau,” kwa kuona haya ya kuonekana wajinga. Kukisia huko hakumpi mshindani kitu cha kutegemea, na humpa mwenzi habari asiyostahili kuipata, kwa kuwa sasa anajua jinsi alivyofahamiwa. Jibu la haki ni fupi: “Hatukupatana juu ya hilo.” Na kama mapatano yapo ila anayeulizwa ameyasahau, mwamuzi aweza kumtoa mezani kwa muda, na aliyenadi akawaeleza washindani yeye mwenyewe mwenziwe akiwa hasikii.

Jambo hili la kusikia na kutosikia lilipata dawa yake kubwa mwaka 1975, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Bermuda, ambako kwa mara ya kwanza kiambaza kiliwekwa juu ya meza kwa mshazari, kikawatenga wenzi wasionane nyuso. Wachezaji wawili wa Italia wakashutumiwa hapo hapo kwamba wanagusana kwa miguu chini ya meza, na wasimamizi wakalazimika kuingiza meza ndogo chini ya zile kubwa ili kuzuia miguu nayo. Habari hiyo ilienea duniani kote, na watu wangali wanaisimulia. Kwangu mimi lililo kubwa zaidi ni faida ambayo kiambaza kililetea fasiri: siku hizi, katika mashindano makubwa, kila mchezaji humweleza mshindani aliye upande wake wa kiambaza matamko yake mwenyewe na ya mwenziwe pia, aghalabu kwa kuandika kwenye karatasi, na mwenziwe hasikii wala haoni. Mateso ya Kaskazini niliyoyaeleza hapo juu yamepungua sana kwa njia hiyo.

Karatasi hiyo ingetufaa sana hapa Bujumbura, kwa sababu iliyo yetu wenyewe. Meza moja katika mji huu yaweza kuketiwa na mtu aliyejifunza karata kwa Kifaransa, na wa pili anayewaza kwa Kirundi, na wa tatu wa Buyenzi asiyestarehe ila kwa Kiswahili, na wa nne aliyerudi kutoka Dar es Salaam au Nairobi akiwa na Kiingereza. Fasiri iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa vyema aliyeuliza haijatolewa, hata ikiwa ni sahihi herufi kwa herufi. Na wenzi wakinong'onezana neno moja kwa lugha ambayo washindani hawaijui, hata kama ni neno la kuomba chai, wamekwisha kuitia shaka meza. Naona inafaa wanne hao wapatane kabla ya kugawa karata ni lugha gani itakayotumika kufasiri, na mwenye kuulizwa awe tayari kurudia maelezo yake kwa lugha nyingine bila ya kuudhika, akionyesha na namba kwa vidole ikibidi.

Iko haki nyingine ambayo kanuni imeigusa kidogo tu na kuwaachia wenye mashindano waiwekee taratibu zao, nayo ni ya mjuzi anapokutana na mwanafunzi. Mwanafunzi hajui aulize nini. Anaona tahadhari imetolewa, anaogopa kuonekana mgumu wa kuelewa, anapita. Katika hali hiyo mjuzi anayengoja swali ili ajibu hajavunja kanuni, lakini mimi simhesabu kuwa amefanya insafu; inampasa, mnada ukiisha na upande wake ndio utakaocheza, ayaeleze mapatano yao mwenyewe kabla ya karata ya kwanza kutupwa, kwa maneno mepesi, akianza na yale yasiyoonekana: “Mama, mwenzangu aliposema mbili pau hakutaja pau, aliniuliza kama nina kopa nne au shupaza nne. Una swali lolote kabla hujatupa?” Kisha amngoje, asimharakishe, na akiuliza jambo alilokwisha kuambiwa, amwambie tena.